Pawabenki za gemu: tazameni wati, si namba kubwa ya mbele

Barua za leo nimezichagua za jambo moja. Mwezi huu nimeletewa hapa Mkunazini mashine za gemu za mkononi, Switch tatu na Steam Deck moja, wenyewe wakiapa kuwa zimekufa betri. Zote nne zilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa kile walichozichajia.

Swali: Assalamu alaykum. Pawabenki ipi nzuri kwa Nintendo Switch? (Mlandege)

Waalaykumu ssalaam. Swali hili nimelijibu si chini ya mara tano na bado linakuja vilevile, bila ya kuniambia Switch ipi wala unachezea wapi. Basi chukua ya mAh 10,000 (mAh ndiyo hiyo namba kubwa ya mbele) yenye tundu la Taipu C lililoandikwa PD, yaani Power Delivery, mpango wa chaja na mashine kupatana volti za kupitisha, wati 18 au zaidi, na kwenye maandishi madogo ya mgongoni ionekane 15V. Haina PD? Iache dukani. Kama yako ni Switch 2, betri yake ni mAh 5,220, wakati ile ya mwanzo ni 4,310, kwa hivyo nenda kwenye 20,000.

Swali: Nimenunua Darajani pawabenki ya mAh 50,000 kwa shilingi 25,000. Kwa hesabu yangu ingejaza Switch mara kumi na moja. Inajaza mara moja na nusu, imekwisha. Switch yangu inakula chaji? (Kwahani)

Switch yako haina kosa, kaka. Umeuziwa namba, hukuuziwa betri.

mAh peke yake haisemi nguvu iliyomo ndani. Mpaka uizidishe na volti. Betri za ndani ya pawabenki ni za volti 3.7, kwa hivyo mAh 10,000 ni wati-saa 37, na 20,000 ni wati-saa 74. Kipimo hicho huandikwa Wh, kwa herufi ndogo, mahali ambapo hakuna anayetazama, na ndicho cha kutazama. Betri ya Switch yako ni wati-saa 16. Nguvu haifiki yote: volti hupandishwa kutoka 3.7 kwenda 5 au 15, zikifika ndani ya gemu zinashushwa tena, na kila hatua kuna inayopotea kwa joto. Wewe hesabu kuwa asilimia 60 mpaka 70 ndiyo itakayofika. Sasa chukua wati-saa 37, toa inayopotea, gawa kwa 16. Unapata mara moja na nusu, vilevile ulivyoona mwenyewe. Una pawabenki ya 10,000 iliyovalishwa namba ya 50,000.

Kuna njia ya kuijua kabla hujatoa pesa, nayo ni mizani. Zile betri za duara wanazoziita 18650, zilizo nzuri hubeba kama mAh 3,500, na moja ina gramu 45 na ushei. Kufika 50,000 zinatakiwa kama kumi na tano, karibu gramu 700 kabla hujahesabu boksi na saketi. Mwombe muuza sukari wa jirani akupimie. Pawabenki iliyoandikwa 50,000 halafu nyepesi kama boflo, irudishe hapo hapo. Uzito nao usikuhadae upande wa pili: niliwahi kuifungua moja ya mteja, nzito vizuri, nikakuta betri moja na kifuko cha mchanga kilichogandishwa kwa gundi. Nyepesi ni uongo kwa yakini. Nzito bado inataka kuulizwa Wh.

Na hili nalisema bila kuulizwa. Muuzaji anayejua kilichomo akakuuzia, amekudhulumu, na sisi tunaotaka 50,000 kwa bei ya 10,000 ndio tunaomuweka dukani.

Swali: Steam Deck yangu nikicheza huku imechomekwa kwenye pawabenki, chaji inaendelea kushuka. Pawabenki ni mpya, ya 20,000, na ni ya kweli. (Chake Chake)

Nakuamini kuwa ni ya kweli. Namba ya mAh inakwambia tangi kubwa kiasi gani; wati ndizo zinazokwambia bomba nene kiasi gani. Wewe una tangi kubwa na bomba la mrija.

Gemu nzito humaliza betri ya Deck ya mwanzo, ya wati-saa 40, kwa muda wa saa mbili au chini yake. Maana yake inakula wati 20 na kuzidi. Umeniandikia kuwa unatumia lile tundu la zamani, pana, la mstatili. Tundu hilo kwa kawaida hutoa volti 5 kwa ampea 2, yaani wati 10. Unamimina kikombe kimoja, gemu inakunywa viwili. Chaja iliyotoka nayo kiwandani ni ya wati 45, volti 15 kwa ampea 3, basi tafuta pawabenki inayotoa hizo hizo kwenye Taipu C.

Soma maneno vizuri hapo. Wengine huandika wati 65 kwa maana ya matundu yote kwa jumla. Ukichomeka na simu pembeni, gemu huenda ikabakishiwa 20. Na msidanganyike na zile zinazosifiwa kuchaji simu ya kampuni fulani kwa kasi ya ajabu. Kasi hiyo ni makubaliano baina ya simu na chaja yake, gemu haimo. Bila ya PD hurudi kwenye volti 5, na wewe unarudi kwangu kulalamika.

Ikiwa pesa ya kubadilisha haipo sasa, punguza mwanga wa kioo na uifungie prosesa, ule ubongo wa mashine, wati chache kwenye mipangilio ya Deck. Au icheze ikiwa imechomolewa, kisha uiache ijae ikiwa imezimwa. Hata wati 10 zitaijaza usiku kucha.

Swali: Waya wowote si sawa tu? (Bububu)

Si sawa. Uwe Taipu C pande zote mbili, ulioandikwa 3A au 60W. Ule wenye kichwa kipana upande mmoja haupitishi PD hata uununue kwa dhahabu.

Swali: Mwanangu analala na gemu na pawabenki chini ya mto, vyote vikichajiana mpaka asubuhi. Pana hatari? (Fuoni)

Ipo, mama. Vitoe leo leo, kabla hajalala.

Mto unazuia joto lisitoke, na betri ya lithiamu ikishapita kiwango chake hujipasha yenyewe bila ya kungoja umeme. Moto wake ni mgumu, ukidhani umezima huwaka tena. Usijipe moyo kwamba ulinunua jina kubwa: Juni 2025 Anker waliita zirudishwe pawabenki zaidi ya milioni moja nchini Marekani, modeli A1263, kwa ajili ya hatari ya moto. Ichajieni mezani au juu ya sakafu ya saruji, watu wakiwa macho. Ukiiona imevimba, hata kidogo, usiitumie tena, usiitoboe, wala usiitupe jaani, maana majaa yetu huchomwa moto. Iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje, kisha uiulizie kwa fundi.

Swali: Huku kwetu jua halina shida. Ninunue ile yenye sola mgongoni? (Micheweni)

Usinunue. Kipande cha sola cha ukubwa wa kiganja hutoa kama wati moja, ukiwa na bahati moja na nusu. Kujaza wati-saa 37 kunataka zaidi ya saa thelathini za jua la utosi, wiki nzima na kuzidi. Kubaya zaidi ni kuwa unaianika betri yenyewe. Lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi joto 45, na boksi jeusi juu ya bati wakati wa kaskazi linapita hapo asubuhi tu. Nunua sola ya peke yake, ya wati 20 au zaidi, yenye tundu la kuchajia. Sola ikae juani, pawabenki ikae kivulini kwa waya.

Swali: Nasafiri kwenda Muskat kupitia Dubai kumtembelea shangazi. Watanikubalia kubeba? (Jang'ombe)

Beba mkononi, kamwe si kwenye begi la kupakiwa. Mpaka wati-saa 100 hubebwa bila ya kuomba ruhusa, na ya 20,000 ni 74, uko salama, ilimradi maandishi yasomeke. Ikiwa yamefutika jiandae kuiacha uwanjani. Emirates tangu tarehe 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, na humo ndani huruhusiwi kuitumia wala kuichaji, kwa hivyo gemu ijaze kabla hujapanda. Msiwaone wakorofi. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado uwanjani Korea Kusini, na pawabenki ndiyo iliyoshukiwa.

Swali: Nimeweka moja kabatini imejaa pomoni, kwa ajili ya umeme ukikatika. Nafanya sawa? (Mkoani)

Nia ni njema, na aliyekuwapo Unguja kiza cha miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hawezi kukulaumu. Lakini betri ikikaa imejaa kwenye joto huchakaa upesi, na ikikaa tupu kabisa hufa. Iache nusu au zaidi kidogo, ndani ya kabati lisilopigwa na jua, na kila baada ya miezi mitatu itoe uiongeze. Ukisikia tangazo la kukatwa umeme kesho, ndipo uijaze leo usiku.