Trilioni 1.3 za Uviko: mbona mimi sikuziona?

Niliandika hapa kuhusu mkopo wa Uviko, zile shilingi trilioni 1.3 ambazo serikali ya Tanzania ilikopa mwaka 2021 kwa ajili ya janga la korona, na barua zikaja kwa wingi kuliko nilivyozoea. Nyingi zinauliza jambo moja, pesa ile ilimfikia nani, kila mtu kwa machungu yake. Nimechagua hizi.

Nilikuwa nauza chakula nje ya chuo. Machi 2020 wanafunzi wakarudishwa makwao, mtaji ukaishia kwenye kodi ya chumba. Serikali ikapata trilioni 1.3. Fungu langu liko wapi? – Mama lishe, Morogoro

Pole sana, mama. Fungu lako kama mtaji halikuwepo tangu mwanzo. Mpango aliouzindua Rais Samia pale Dodoma tarehe 10 Oktoba 2021 ulielekezwa zaidi kwenye madarasa, hospitali, maji na utalii. Wafanyabiashara wadogo walitengewa bilioni 5, nazo zilikuwa za kuboresha maeneo ya machinga. Piga hesabu: katika kila shilingi 1,000 ya mpango mzima, machinga hakufikiwa hata na shilingi 4. Niliona ni kidogo wakati ule na leo naona vilevile. Wenzetu wa Kenya mwaka 2020 walikuwa na Kazi Mtaani, kijana anafagia mtaa na kuzibua mitaro, analipwa kwa hesabu ya siku alizofanya kazi, na pesa hiyo inaishia kwa muuza maandazi. Kwetu sehemu kubwa ikawa saruji, mabomba na vifaa.

Mlango uliobaki kwako ni ule wa halmashauri: asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inakopeshwa bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikafunguliwa tena 2024. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Ila wenzako wa kikundi wachague kama unavyochagua watu wa kucheza nao upatu, maana mmoja akihama mji usiku, deni mnabaki nalo nyinyi.

Tuliambiwa madarasa ya Uviko yatatunufaisha mafundi wa kijijini. Nilijenga mawili, nikalipwa kwa kusuasua. Kweli tulinufaika? – Fundi, Njombe

Fundi, hili naweza kulisemea kwa macho yangu. Madarasa yalikuwa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 kwenye vituo shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, kila moja kwa milioni 20, yote yakamilike Disemba ili kidato cha kwanza cha Januari 2022 kiingie kwa mkupuo mmoja. Yalijengwa kwa force akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kuweka fundi wake bila kupitia mkandarasi mkubwa. Kwenye karatasi, hiyo ndiyo njia ya kuibakiza pesa kijijini.

Novemba ile nilishinda siku mbili kwenye sekondari moja ya kata, huko huko Nyanda za Juu Kusini. Mkuu wa shule, mwalimu wa jiografia, alikuwa anatembea na kaunta buku kwapani. Ndani mmeandikwa kila kitu: misumari ya bati, trip za mchanga, nondo. Nikamwuliza kwa nini saruji inatoka mjini wakati duka liko hatua chache kutoka getini. Akafungua kurasa za nyuma, akanionyesha risiti zilizobandikwa kwa gundi. "Huyu wa hapa hana mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Nikinunua kwake, mkaguzi atanila nyama."

Basi pesa ikapita mbele ya duka la kijiji bila kusimama. Mwenye duka la mjini aliuza mpaka stoo ikabaki tupu, na kwa kuwa shule nyingi zilikuwa zinatafuta saruji wiki zile zile, bei nayo ikapanda. Waliofaidi pale kijijini ni wabeba maji, wenye trekta la mchanga, mafundi, na akina mama wawili waliohamishia uji na chapati zao chini ya mti karibu na msingi. Mmoja aliniambia hajawahi kuuza vile tangu shule ijengwe. Kwa hiyo ndiyo, mlinufaika, lakini kwa msimu. Na anayesema haikuwafikia kabisa, namkatalia.

Kuhusu malipo yako: safari nyingine usishike mwiko bila karatasi. Mkataba utaje malipo kwa hatua, msingi, boma, lenta, kupaua, umaliziaji, na kila hatua kamati ya ujenzi isaini kwamba imeipokea. Kama bado unadai, muhtasari wa kamati ndio ushahidi wako kwa mkurugenzi.

Utalii ulipewa bilioni 90. Sisi waongoza watalii hatukuona hata semina. – Karatu

Sehemu kubwa ilikwenda kwenye mitambo na barabara za hifadhini. Barabara haimlipii mtoto ada, najua. Watalii walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, wakaporomoka hadi 620,867 mwaka 2020, na 2022 wakarudi kufikia 1,454,920. Kilichowarudisha, kwa maoni yangu, ni ndege kuanza kuruka tena. Greda litakufaa masika, gari lisipozama na wageni ndani.

Asalaam alaykum. Sisi wakulima wa mwani tuliambiwa boti, boti. Boti ya nini, na bei ya mwani ni ile ile? – Mama wa Paje

Waalaykumu salaam, bibi. Zanzibar ilipata bilioni 231 katika mkopo ule, na uchumi wa buluu, yaani shughuli za baharini, ukawekwa mbele. Boti ina maana yake. Mwani wa bei nzuri, kotoni, unakufa maji ya pwani yakipata moto, na mnabaki na spinosamu mnaoufuata kwa miguu bamvua linapokupwa. Kotoni unataka kina, na kina bila chombo hakifikiki, sembuse kwa mwanamke asiyefundishwa kuogelea.

Lakini umegusa penyewe. Boti inaongeza mwani, haipandishi bei. Bei anaitaja mnunuzi mnapokuwa na magunia ufukweni na shida nyumbani. Kikundi chenye ghala la kuhifadhi mwani mkavu, au kinachosaga na kutengeneza sabuni, angalau kinaweza kumwambia mnunuzi arudi kesho. Mimi ningewaombea ghala kabla ya boti ya pili.

Ule ulikuwa msaada au deni? – Mwalimu, Kigoma

Deni, mwalimu. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitoa dola milioni 567.25 kwa mafungu mawili. Theluthi moja haina riba na inalipwa ndani ya miaka 10. Theluthi mbili zina riba na muda wake ni miaka 5 tu, yaani mwisho wake Septemba 2026. Unaposikia "pochi la mama limefunguka", mama akiwa Rais Samia, kumbuka pochi hilo nalo lilikopa.

Nimepata meseji: "Umechaguliwa mkopo wa wahanga wa Uviko, tuma 20,000 ya fomu." Nitume? – Singida

Usitume, kaka. Ofisa wa halmashauri hakuiti kwa meseji ya namba binafsi kudai pesa ya fomu. Ipeleke meseji hiyo, pamoja na namba iliyoituma, kwenda 15040, halafu ifute.