Barua kwa Zawadi: Sosina alipata nini?

Mwanangu mpendwa Zawadi,

Barua yako nimeipata, ingawa mama yako aliisoma mara mbili kabla hajanikabidhi. Sisi huku hatujambo. Goti langu husumbua siku za mvua tu. Umeniuliza jambo ambalo kwa simu nisingelijibu likaeleweka: huyu Olga Sosina, Mrusi mchezaji wa hoki ya barafuni ambaye mimi baba yako sichoki kumtaja, aliyecheza Olimpiki nne za majira ya baridi bila kurudi nyumbani na medali hata moja ya Olimpiki, alipata nini hasa, na kwa nini hakuacha mapema? Najua umeuliza wiki ileile uliyotimiza miaka 29, na kwamba kocha wako wa netiboli amekuambia neno ambalo hukunieleza lote. La kocha tutaliongea ukija. Hapa nijibu la Sosina.

Nianze na mji wake, kwa sababu niliufahamu kabla yeye hajazaliwa. Almetyevsk uko Tatarstan, nchini Urusi, nasi tulipelekwa huko kwa mazoezi ya vitendo nilipokuwa nasomea mafuta na gesi Moscow, wiki sita za Januari na Februari. Mji ule unaishi kwa mafuta: umejengwa kwenye eneo la Romashkino, mojawapo ya hazina kubwa za mafuta za Urusi, na bomba la Druzhba linaloelekea Ulaya linaanzia hapo. Mbele ya bweni letu palikuwa na kile wenyewe wanachokiita korobka, yaani sanduku, uwanja mdogo uliozungushiwa mbao. Usiku mlinzi alitoka na mpira wa maji, akamwaga tabaka jembamba, akarudi ndani kunywa chai, akatoka tena akamwaga jingine, na kulipokucha barafu ilikuwa imekaza na kung'aa kama sakafu iliyosuguliwa. Wavulana walicheza hoki hapo hadi giza lilipowafukuza. Msichana mmoja mwenye kofia nyekundu ya sufu alisimama kila siku nje ya mbao, ameshika fimbo ya hoki ya akiba ya kaka yake. Nilipomuuliza, kwa Kirusi changu cha kukwamakwama, kwa nini na yeye hachezi, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini paka halimi shamba.

Hilo halikuwa kosa la kaka yake. Umoja wa Kisovyeti ulitamba duniani katika hoki ya wanaume, lakini ulivunjika bila kuwahi kuwa na timu ya taifa ya wanawake. Sosina alizaliwa Julai 1992, miezi saba baada ya kuvunjika huko. Urusi ilicheza mashindano ya dunia ya wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1997, ikaingia Olimpiki mwaka 2002. Fikiria basi mtoto anayefungwa kamba za viatu vya barafu wakati njia yenyewe aliyokusudia kuipita ni changa kuliko yeye.

Sasa hizo medali. Katika hoki ya wanawake kuna Kanada na Marekani, halafu kuna dunia. Dhahabu zote za Olimpiki tangu mchezo huo ulipoingizwa mwaka 1998, na mataji yote ya dunia tangu 1990, zimekwenda kwa moja kati ya nchi hizo mbili. Kwa hiyo Mrusi, Mfini, Mswisi na Mswidi wanapopanda ndege, wengi wao wanajua kwamba wanachokwenda kukigombania ni shaba. Sosina ameipata mara mbili katika mashindano ya dunia, mwaka 2013 na mwaka 2016, zote nchini Kanada, na zote kwa kuwashinda Wafini: mara ya kwanza mabao 2 kwa bila, mara ya pili bao 1 kwa bila, nalo lilipatikana kwa mikwaju ya penalti. Ulipoandika kwamba hana kitu, hizo hukuzihesabu, nami sikulaumu, kwa kuwa hazionyeshwi kwenye televisheni zetu.

Olimpiki ndiyo iliyomkatalia. Vancouver, Februari 2010, alikuwa na miaka 17, na timu yake ilifungwa na Marekani mabao 13 kwa bila. Sochi, mwaka 2014, wakiwa nyumbani, waliwashinda Wajerumani, Wajapani na Waswidi, kisha Uswisi ikawatoa robo fainali kwa mabao 2 kwa bila. Pyeongchang, mwaka 2018, alikuwa nahodha wa timu isiyo na bendera ya nchi yake, kwa sababu Urusi ilikuwa imefungiwa kwa kashfa ya dawa za kuongeza nguvu. Waliitwa tu wanamichezo wa Olimpiki kutoka Urusi. Huko ndiko walikoikaribia shaba kuliko wakati wowote, wakaikosa kwa mabao 3 kwa 2. Walioichukua ni Wafini walewale.

Mechi ninayoikumbuka zaidi ni ya Beijing, tarehe 7 Februari 2022. Wakanada walikataa kuingia uwanjani kwa sababu majibu ya vipimo vya UVIKO-19 vya Warusi hayakuwa yamefika, na mchezo ukachelewa kwa zaidi ya saa nzima. Walipoingia, pande zote mbili zilivaa barakoa chini ya ule wavu wa chuma unaokinga uso. Katika hoki mchezaji hukaa kwenye barafu chini ya dakika moja, akikimbia kwa nguvu zake zote, kisha hurukia benchi kutafuta pumzi huku mwenzake akiingia. Sasa mtu atafute pumzi hiyo kupitia kitambaa kilicholowa. Majibu yalifika mchezo ukiendelea, nao Warusi wakacheza kipindi cha tatu bila barakoa, ilhali Wakanada walibaki nazo hadi mwisho. Kanada ilishinda mabao 6 kwa 1. Siku chache baadaye Uswisi ikawatoa tena robo fainali, safari hii mabao 4 kwa 2.

Mwezi huohuo, tarehe 24, jeshi la Urusi liliivamia Ukraine, na tarehe 28 shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni likazifungia timu zote za Urusi na Belarus. Hata Olimpiki ya Italia ya 2026 ikapangwa bila wao. Siwezi kukuambia kwamba Sosina ndiye aliyeumizwa zaidi na vita hiyo. Wapo waliopoteza nyumba na watoto, na adhabu ile naielewa. Lakini alikuwa na miaka 29, na mlango wa mashindano ya dunia ukafungwa kwa sababu ya amri ambayo si yeye aliyeitoa.

Alipata nini, basi? Hesabu yako, mwanangu, ndiyo ninayoipinga. Kutoka Vancouver hadi Beijing ni miaka 12. Olimpiki nne ukiziunganisha hazizidi wiki kumi. Miaka 12 ina wiki zaidi ya 600, nawe umempima mtu kwa hizo kumi. Wiki nyingine alikuwa kazini: alichezea SKIF ya Nizhny Novgorod, kisha Agidel ya Ufa, katika ligi ya wanawake ambayo tangu 2015 inaendeshwa chini ya ligi kubwa ya wanaume, yaani KHL, na humo ndimo alimokuwa mmoja wa wafungaji hodari. Siku ya kawaida ya wiki, jioni, theluji nje, anaingia ukumbini, anapasha mwili moto, anacheza, anarudi kulala. Nadhani hakuacha kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiipenda, na Olimpiki ilikuwa safari tu ya kikazi inayokuja kila baada ya miaka minne. Nasema nadhani, kwa sababu mimi nimemtazama kwenye kioo tu.

Yule mwenye kofia nyekundu siku hizi ana umri wa kumzaa Sosina. Kama bado yuko Almetyevsk, huenda humwona mitaani akija kusalimia nyumbani.

Ukija Pasaka njoo na kompyuta yako, unitafutie ile mechi ya Beijing tuitazame pamoja. Ya kwangu hukwama kila inapofika kipindi cha tatu.

Ni mimi baba yako.