Kiko chenye alama ya tembo

Ndugu, umeuliza kama kiko cha kuvutia tumbaku cha marehemu babu yako, chenye alama ya tembo mdogo, kina thamani kwa wakusanyaji. Kinayo, ila usitegemee kununulia kiwanja. Hivyo ni viko vya Kiko (ndiyo, jina lenyewe ni hilo hilo), vilivyotengenezwa Arusha na Tanganyika Meerschaum Corporation. Malighafi yake, mershaumu, ilichimbwa upande wa Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania.

Mershaumu ni madini meupe, mepesi, yenye vitundu vidogo vidogo. Kwa Kijerumani jina hilo maana yake povu la bahari. Ya Eskişehir, Uturuki, ndiyo inayosifiwa zaidi duniani kwa weupe na wepesi. Ya kwetu ni nzito kidogo na ina rangi ya kijivujivu, ndiyo maana viko vingi vya Arusha vilipakwa rangi au kuvishwa ngozi. Mimi navipenda hivyo vya ngozi kuliko vya Kituruki vyenye vichwa vya masultani, lakini hilo ni jicho langu.

Tafadhali usikiloweke! Mershaumu ikinyonya maji inalainika. Futa kwa kitambaa kikavu, na mdomo wake uuzungushe taratibu unapouchomoa. Wala usisugue ule umanjano au ukahawia uliotokea kwa miaka ya moshi. Wengi hutafuta kiko cha zamani kwa ajili ya rangi hiyo hiyo.

Kama ngozi bado haijapasuka, weka picha ya chini ya bakuli, pale panapotiwa tumbaku, tuione.