Nyanya laini, maharage magumu: maswali yenu kuhusu pektini

Wiki iliyopita niliandika kwamba seli za mmea zimegandamana kwa pektini, kitu kilekile kinachogandisha jamu. Barua zimekuja nyingi. Leo najibu nne.

Nachuma nyanya zikiwa ngumu, siku ya nne nikizibonyeza kidole kinazama. Ni ugonjwa? – Mkulima, Ilula

Pole, ndugu yangu. Kama hazina doa wala harufu, hazijaoza. Nyanya inajilainisha yenyewe. Ikianza kuiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huamsha vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia katika viumbe) vya kukata pektini: poligalakturonazi, pektati liazi na vingine.

Zamani wengi waliamini poligalakturonazi ndiyo mkosaji mkuu. Mwaka 1994 kampuni ya Calgene ya Marekani ikaingiza sokoni nyanya iliyoitwa Flavr Savr, ambayo jeni ya kimeng'enya hicho ilikuwa imenyamazishwa. Ugumu uliotarajiwa haukupatikana, na haikudumu sokoni. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walinyamazisha pektati liazi badala yake. Safari hii nyanya zilikaa ngumu muda mrefu zaidi, na rangi yake haikuharibika.

Kwa upande wako, chuma zinapoanza tu kubadilika rangi, zitunze kivulini, na usizisafirishe pamoja na ndizi mbivu. Ndizi nazo zinatoa ethilini.

Tumefundishwa kuwa ukuta wa seli ni mgumu na ndio unaoipa seli umbo. Sasa seli inakuaje humo ndani? – Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora

Kijana wangu, hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote. Ukuta wa seli changa ni nyuzi za selulosi zilizolala ndani ya pektini na sukari nyingine ndefu. Maji yaliyomo ndani ya seli yanausukuma kwa nguvu inayoweza kuzidi upepo wa tairi la gari. Nguvu hiyo inasukuma pande zote sawasawa, kwa hiyo seli hutanuka pale ukuta ulipolegezwa na hujizuia pale ulipokazwa. Jani kuwa pana au shina kuwa refu kunaanzia hapo.

Anayelegeza ni nani? Pektini hufika ukutani ikiwa imevikwa vikundi vya metili, yaani vipande vidogo vya kaboni na haidrojeni. Kimeng'enya kiitwacho pektini metilesterazi huvivua. Baada ya kuvuliwa, minyororo ya pektini ina njia mbili. Ikikutana na kalsiamu, inashikana miwili miwili na ukuta unakaza. Ikikutana na poligalakturonazi au pektati liazi, inakatwa na ukuta unalegea. Nakuomba ulishike hili, kwa sababu wengi wanadhani kuvua metili siku zote ni kukaza, au siku zote ni kulegeza.

Ushahidi wake unaonekana kwa macho. Mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, huchipuza maua kwenye ncha ya shina kwa mpangilio maalumu. Mwaka 2008 watafiti nchini Ufaransa waliizuia pektini isivuliwe metili kwenye ncha ile, na shina likapanda tupu kama sindano, bila ua hata moja. Mwaka 2014 wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walieleza poligalakturonazi waliyoipa jina PGX1. Mimea iliyotengeneza nyingi kupita kawaida ilikuwa na majani makubwa zaidi. Ua la mmea huu huwa na petali 4, lakini kiwango cha PGX1 kilipovurugwa, baadhi ya maua yalizidisha. Mkasi wa molekuli unabadilisha idadi ya petali! Mimi bado nashangaa.

Kwa nini maharage ya zamani hayaivi, na magadi yanasaidiaje? – Mama lishe, Mombasa

Mama, ni pektini ileile. Maharage yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu, kalsiamu iliyokuwa imefungwa huachiliwa na kwenda kukaza gundi baina ya seli. Sodiamu ya magadi huchukua nafasi ya kalsiamu, na ule ubesi wa magadi (kinyume cha uchachu wa ndimu) huivunja pektini yenyewe. Chukua harage lililoiva, lisugue kwa vidole: ule unga unaousikia ni seli nzima nzima zilizoachana. Loweka usiku kucha na magadi yawe kidogo tu, kwa maana yanaharibu vitamini B1.

Si bora wataalamu waviondoe kabisa vimeng'enya hivi? – Msomaji, Dodoma

Hapana. Jani linapodondoka, vimeng'enya hivi vimelegeza gundi kwenye shina la kikonyo chake. Ganda la Arabidopsis halipasuki kutoa mbegu bila poligalakturonazi. Hata chavua inavihitaji: chembe zake huzaliwa nne nne, kisha pektini inayozishikilia huyeyushwa ili kila moja iende zake. Ipo mimea ya Arabidopsis iliyopoteza vimeng'enya vya kazi hiyo, ikapewa jina quartet, neno la Kiingereza la kundi la wanne. Ukiweka chavua yake chini ya hadubini, utaziona chembe nne zimekumbatiana, zimekomaa, na bado hazijaachana.