Kyeyo ya voliboli inaishia Aprili

Haya, nimekaa chini, goti liko na barafu juu yake, wacha niwajibu wote mara moja maana tangu niweke ile picha nimesimama kwenye theluji ya Ufini na jezi ya klabu yangu ya voliboli, hii kyeyo yangu, yaani kazi ya kutafuta pesa nje, simu yangu haijapoa. Mdogo wangu mmoja tuliyekuwa tunacheza naye Lugogo, Kampala, libero, yaani yule wa nyuma wa kupokea na kulinda tu, miaka 19, anauliza dada huko ni aje, kuna mtu amemwandikia ati yeye ni ajenti, anataka dola 1,500 za "prosesing" halafu atampeleka klabu ya Ulaya. Auntie yangu wa Mukono anauliza kama auze kiploti chake amtume kijana wake yule mrefu. Na wengine, nyinyi mnajijua, mnauliza mbona huu ni msimu wa pili na sijachimba hata msingi wa nyumba.

Naanza na pesa kwa sababu najua hata nikianza na theluji mtaruka mpaka mfike kwa pesa. Niko Ufini, mji mdogo, timu si kubwa. Klabu inanipa chumba na jiko, chakula cha mchana siku za kazi, tiketi ya ndege ya kuja na ya kurudi, na mkononi napata euro 700 kwa mwezi kodi ya serikali ikishatoka. Nikimwambia mtu wa nyumbani 700 anazidisha hapo hapo kwa shilingi 4,000 za Uganda, anapata milioni 2 na laki 8, anapiga mluzi. Halafu anazidisha mara 12. Hapo ndipo tunaanza kugombana, kwa sababu mkataba wangu si wa miezi 12, ni wa miezi 8, katikati ya Agosti mpaka katikati ya Aprili, na tusipoingia pleiofu, zile mechi za mwisho za kutafuta bingwa, klabu inaweza kunikatia tiketi mapema zaidi. Euro 5,600 kwa msimu. Sasa gawanya hiyo kwa miezi 12 ambayo tumbo langu linakula, unabaki na kama 466, hiyo ni milioni 1 na laki 8 na kitu, na bado sijanunua dawa ya meno wala sijatuma ya mama. Kikombe cha kahawa hapa unaweza kulipa euro 3. Kwa hiyo kahawa sinywi, nabeba chai yangu kwenye chupa kama askari wa zamu ya usiku.

Na mwezi wa kwanza hata hiyo 700 sikuiona. Hapa mfanyakazi lazima awe na kadi ya kodi, wanaiita verokortti, ukichelewa kuipeleka kwa mwajiri anakukata asilimia 60, si utani, 60, ndiyo sheria yao. Mimi nilikuwa sijui, nilifikiri ni karatasi tu kama zile zingine, nikafungua karatasi ya mshahara nikaikunja tena nikaiweka mfukoni nikaenda mazoezi nikapiga mipira kwa hasira mpaka kocha akafurahi. Nilipoipeleka kadi mambo yakanyooka, lakini mwezi huo niliishi kwa mchele na mayai.

Lakini shida yenyewe si Ufini, shida ni Mei. Msimu wangu wa kwanza uliisha nikarudi nyumbani, kwenye kambi ya polisi Naguru, na begi la jezi na viatu viwili vya kuwapa watu. Siku ya tatu nilihesabu wageni 9 sebuleni kwa mama. Binti wa afande amerudi kutoka kyeyo, si ndiyo? Mmoja karo, mwingine matanga, mwingine ana boda imeshikwa na polisi anataka ya kuitoa, kaka yangu mwenyewe alikuwa amekwisha ahidi watu kwa jina langu. Sikuwadharau, nilikulia hapo, najua jinsi sisi tunavyochangiana, hata mimi nauli ya Nairobi ya kwenda kutafuta kibali walinichangia watu wa kambi. Ila nilikuwa na euro 1,900 na miezi minne mbele bila mshahara wala klabu, kwa sababu wakati huo hakuna aliyekuwa ameniita tena. Nilitoa, nikatoa, Julai nikawa nakula kikomando, chapati na maharage, kama zamani na jioni natembea kwa mguu kushuka Lugogo kufanya mazoezi nisipotee mwili. Watu wakaanza kusema dada huyu anaficha pesa. Banange! Pesa ya kuficha ningeitoa wapi? Mkataba wa pili ulikuja Agosti wiki ya kwanza, na ungechelewa wiki mbili tu hivi sasa ningekuwa nauza chaji za simu Nakawa.

Basi hiyo ndiyo sababu sina msingi. Mkikutana na mtu amecheza nje misimu miwili na anajenga ghorofa, muulizeni ni timu gani, kwa sababu ziko ligi zinalipa vizuri kweli kweli, Italia, Uturuki, Poland, huko mchezaji mkubwa ni tajiri, lakini huko hawaanzi na mtu kutoka ligi yetu. Kwanza hawatujui. Wenzetu wa Kenya angalau Malkia Strikers, timu yao ya taifa ya wanawake, wameonekana Olimpiki ya Tokyo na ya Paris, kocha wa Ulaya akisikia Kenya anajua kuna voliboli. Akisikia Uganda anakuuliza kuhusu riadha.

Sasa wewe libero wangu. Huyo wa dola 1,500 achana naye, usimjibu hata kwa adabu. Ajenti wa kweli halipwi kabla hujasaini, anakula asilimia ya mkataba, kawaida kama 10, na mara nyingi ni klabu inamlipa. FIVB wenyewe, shirikisho la voliboli la dunia, wana orodha ya maajenti wenye leseni, unaweza kutafuta jina lake humo. Tena muulize swali moja tu: klabu gani? Kama anasema "tutakuambia ukifika" au "kuna klabu nyingi" umekwisha pata jibu. Kuna msichana niliyecheza naye, familia iliuza ng'ombe, akafikishwa nchi moja ya Ulaya kwa viza ya mwezi mmoja ya utalii, klabu aliyoambiwa haikuwa hata inajua jina lake. Alirudi. Ng'ombe hawakurudi.

Na hata klabu ikiwa ya kweli usifikiri ni kupanda ndege tu. Kuna kitu inaitwa ITC, hati ya uhamisho ya kimataifa, bila hiyo unaweza kufanya mazoezi mwaka mzima na usiguse mpira kwenye mechi. Inapitia FIVB kule Lausanne, Uswisi, na lazima wakubaliane wewe, klabu mpya, shirikisho la huku na shirikisho la nyumbani. Yangu ilikwama kwa sababu klabu yangu ya nyumbani, jina lake silitaji, iligundua ghafla kwamba ina uchungu sana na mimi, watu ambao hawakuwahi kuninunulia hata pedi za magoti wakaanza kuzungumza fidia. Mechi mbili za kwanza nilikaa kwenye benchi na tracksuti, nagawa chupa za maji. Kwa hiyo kabla hujasema kwaheri hakikisha umeachana na klabu yako kwa karatasi, si kwa mdomo. Na kibali cha kukaa, cha Ufini unakwenda Nairobi kwenye ubalozi wao kutoa alama za vidole, hiyo ni basi la usiku kwenda na basi la usiku kurudi, ukisahau karatasi moja unarudia.

Auntie, usinikasirikie, ile ploti iache kwanza. Kijana ni mrefu kweli, nimemwona, lakini neti ya wanaume ni mita 2.43 na hapa hata mtoto wa mwenye duka anaifikia. Klabu hailipi urefu. Wanataka video, na si ile ya spaiki 10 zilizoingia na muziki juu, wanataka mechi nzima, seti zote, waone ukikosea unafanya nini, ukitolewa unakaaje. Mimi nilimlipa kijana mmoja asimamishe simu kwenye kona Lugogo mechi 4, ndizo zilinileta huku. Kijana wako bado hajacheza hata mechi moja ya ligi. Mpeleke chuo chenye basari ya michezo, acheze, miaka miwili tuone.

Kuhusu mchezo wenyewe, hapo sitadanganya, napenda. Mechi yangu ya kwanza nilipoanza kucheza mpira ulikuja kati yangu na libero wetu wa huku, mimi napiga kelele "yangu!", yeye anapiga kelele "mun!", kumbe tunasema neno moja, tukagongana vichwa, mpira ukalala chini katikati yetu kama mtoto. Sasa hivi wote wanasema yangu, hata kocha siku moja alisema. Ila kocha huyo huyo taimauti ni sekunde 30, anaongea Kifini sekunde 25 halafu ananigeukia mimi kwa Kiingereza, "wewe, piga". Ndiyo kazi ya mgeni. Wenzangu wengi wanasoma au wana kazi zao, mmoja ni nesi, anatoka zamu anakuja mazoezi. Wakicheza vibaya wanarudi nyumbani kwao. Mimi nikicheza vibaya mechi tatu, mwenyekiti ananisalimia kwa ufupi. Kila kosa langu limeandikwa kwenye kompyuta, kuna programu inaitwa Data Volley, kocha ananionyesha kwamba sevu za upande wa kushoto napokea vibaya, na kweli, miaka yote Uganda nilifikiri mimi ni hodari wa kupokea kwa sababu hakuna aliyekuwa anahesabu.

Baridi mmeisikia, sitawachosha. Nimetoka mazoezi na nywele mbichi nje iko hasi 24, nywele zikawa ngumu kama waya. Kilichonimaliza ni giza. Desemba jua linatoka saa tatu na nusu asubuhi, saa tisa alasiri limekwenda, na siku nyingine halitoki, ni mawingu tu ya rangi ya maji ya vyombo. Mpaka mwisho wa Oktoba saa zao ni sawa na za nyumbani, halafu wanazirudisha nyuma saa moja, na siku hiyo, sijui kwa nini, nililia. Nilikuwa nalala mchana, nakosa hamu ya kula, daktari wa timu akaniambia ninywe vitamini D na niwe natoka nje hata kwa nusu saa. Kusuka nywele ni safari ya Helsinki, na bei yake nikiwaambia mtasema nasuka dhahabu, kwa hiyo nimenyoa. Mama alipoona picha alifikiri naumwa.

Na sauna nayo. Baada ya mechi timu nzima inaingia, bila nguo, wameketi wanaongea mambo ya shule. Mimi mtoto wa kambi, bafu letu lilikuwa la mabati na foleni, mwezi mzima nilisema nina mafua. Sasa ndiyo mahali pekee Wafini wanafungua mdomo, nimejifunza habari nyingi za mji huu humo ndani kuliko kwa basi, kwa basi hakuna anayekusalimia.

Sasa libero, nirudi kwako. Kama kuna mkataba wa kweli nitumie wote, si picha ya ukurasa wa kwanza. Nataka kuona unaanza na kuisha tarehe gani, nani analipa goti likivunjika, tiketi ya kurudi iko kwa jina la nani, na hiyo pesa ni kabla ya kodi au baada. Usisaini kabla sijakujibu. Kesho tuna mechi ya ugenini, basi linaondoka saa mbili asubuhi, masaa sita kwenda na usiku huo huo masaa sita kurudi, kwa hiyo muda wa kusoma ninao.