Skrini nyeusi na chaji ya simu

Dada, umeuliza kama kuweka skrini nyeusi (dark mode) kutakufikisha Rongai jioni simu ikiwa bado ina chaji. Inategemea aina ya kioo cha simu: OLED au LCD. Kwenye OLED kila nukta hujiwakia yenyewe; palipo nyeusi tii imezimwa, haili kitu. Kwenye LCD, kama kile kisimu changu cha zamani, taa ya nyuma huwaka muda wote, rangi iwe ipi.

Zima taa za chumba, fungua picha nyeusi. Ukiona mng'ao wa kijivu, hiyo ni LCD, usijisumbue.

Hata kwa OLED, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima mwaka 2021: mwangaza ukiwa asilimia 30 hadi 50, akiba ni asilimia 3 hadi 9 tu, ukiwa wa juu kabisa, 39 hadi 47. Ukishaketi ndani ya matatu, punguza mwangaza kwanza.