Usiongeze stendi ya pikipiki kwa urefu wa shokapu mpya

Mkuu, kesho usimpelekee huyo fundi pikipiki. Umesema umefunga shokapu za nyuma za 360 mm mahali pa zile za 320 kwenye Boxer ya mizigo, sasa pikipiki inalala mno kwenye stendi ndogo, ile ya pembeni kushoto, na fundi anataka kuongeza stendi sentimita 4 kwa kuwa shokapu nazo zimezidi sentimita 4. Ukauliza na habari ya cheni kukaza. Cheni tuiache kwa leo, stendi ndiyo itakayokuliza.

Hesabu ya "shokapu imezidi nne, stendi nayo izidi nne" haipo. Shokapu iko nyuma, stendi imefungwa katikati. Pima kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma, kisha kutoka ekseli ya mbele hadi kwenye bolti ya stendi. Tuseme umepata 1,300 mm na 750 mm. Shokapu zikiwa zimelala kidogo, kuongezeka kwa 40 mm kunainua nyuma kama 44 mm. Lakini pale penye bolti ya stendi panapanda 44 mara 750 gawanya kwa 1,300, yaani 25 mm tu.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalipimi kabisa. Kiatu cha stendi, kile kibati kinachokanyaga ardhi, kinakaa kama 250 mm pembeni ya mstari wa matairi. Kwa umbali huo, kila sentimita moja ya kimo unayoongeza inaisimamisha pikipiki zaidi ya nyuzi 2. Sentimita moja! Na bolti ikipanda 25 mm ni kama stendi imefupika 25 mm. Kwa hiyo pikipiki iliyokuwa inalala nyuzi 11 kutoka wima, baada ya shokapu mpya inalala kama 17. Hapo ni kweli inalala mno: nzito kuinua, na bolti na kishikizo chake kwenye fremu vinaumia. Ukiongeza mguu wa stendi 40 mm, kwa kuwa mguu umelala unapata kimo cha kama 35 mm, na pikipiki inarudi hadi nyuzi 9. Ukiitazama ikiwa tupu gereji, unasema imetulia, unalipa, unaondoka.

Sasa ipakie. Magunia mawili juu, hata hizo shokapu ngumu zinadidimia, tuseme 40 mm nyuma. Pale penye stendi panashuka 23 mm. Stendi haijafupika, kwa hiyo pikipiki inasimama zaidi: zile nyuzi 9 zinabaki 4. Mzigo hauilazi pikipiki upande wa stendi kama watu wanavyodhani, unaisimamisha. Barabara ya changarawe hujengwa na mgongo katikati, mteremko wa asilimia 4 hadi 6 kwenda pembeni, ambao ni kama nyuzi 3. Ukiegesha ukingo wa kushoto, mteremko unakusaidia, pikipiki inalala zaidi upande wa stendi. Ukivuka kwenda duka la upande wa kulia ukaegesha bila kugeuza, mteremko unakula nyuzi 3 kati ya 4. Imebaki moja. Mtu akigusa gunia, au upepo wa lori ukipita, pikipiki inakwenda kulia, upande usio na stendi, na uzito wote juu yake. Mkono wa breki unakatika, pedeli ya breki inapinda, tanki linabonyea, kioo na indiketa havisemeki, na gunia likipasuka ni juu yako. Mimi nimelipa hivyo vyote. Aliyenichomelea stendi alinihakikishia kabisa kwamba urefu wa shokapu ndio urefu wa stendi, na hakuwahi hata kuuliza napakia nini. Fundi anayewasha grenda kabla hajauliza mzigo, mkimbie. Hana kosa la ujinga tu, anakuuzia ajali na kukutoza pesa.

Stendi ya pikipiki ya mizigo inapimwa ikiwa na mzigo. Shika hilo hata kama utasahau mengine yote.

Kabla ya kupima, shika kiatu cha stendi na ukitikise. Kama bolti imelika na stendi inacheza, badilisha bolti au bushi kwanza, maana mchezo wa 1 mm pale juu unaweza kuwa zaidi ya 10 mm kule chini, na utakuwa unapima uchakavu. Weka springi za shokapu kwenye ngazi utakayotumia kila siku, ukizikaza baadaye vipimo vyote vinabadilika. Jaza upepo sawasawa. Endesha siku nne tano ili springi zikae.

Tafuta sakafu ya saruji, ihakikishe kwa pima maji. Weka gia ili isibingirike, usukani ukae upande uleule kila mara unapopima. Egemeza rula iliyonyooka wima kwenye rimu ya nyuma, juu yake simu yenye programu ya kupima nyuzi. Pakia ikiwa kwenye stendi kubwa, mzigo wako wa kawaida mzito kabisa, ufunge, kisha ishushe kwenye stendi ndogo mkiwa wawili, mmoja asibanduke upande wa kulia. Sasa weka vipande vya mbao au bati chini ya kiatu, kimoja kimoja, mpaka simu isome nyuzi 8. Isipungue hapo. Pima unene wa vile vipande. Ukipata 17 mm, na mguu wa stendi umelala nyuzi 30 kutoka wima, gawanya kwa 0.87: ongeza 20 mm. Nusu ya alichotaka fundi wako. Ikiwa tupu italala kama nyuzi 13, itakuwa nzito kidogo kuinua, vumilia.

Kuchomelea: ng'oa springi ya stendi, fungua bolti, stendi itoke kabisa. Usikubali ichomelewe ikiwa kwenye pikipiki. Kata sehemu iliyonyooka, kama sentimita 5 juu ya kiatu, mbali na tundu la bolti. Kama ni bomba, ingiza ndani kipande cha nondo kinachobana, 30 mm kila upande zaidi ya nafasi unayoongeza. Piga matone mawili tu ya weldingi, irudishe, ipakie tena, isome tena. Ikikubali ndipo umalizie kuzunguka, na ipoe yenyewe, usimwagie maji. Ukitaka kupanua kiatu kwa ajili ya mchanga, bati la 5 mm chini yake ni 5 mm za kimo, zitoe kwenye zile 17 kabla ya kugawanya.

Mwisho ikunje na uangalie kama haigusi cheni, ekzosi wala stendi kubwa, na springi inaivuta hadi juu kabisa. Stendi inayoning'inia ikigusa chini kwenye kona ya kushoto inanyanyua tairi la nyuma. Niandikie hapa nyuzi zako mbili, tupu na yenye mzigo, kabla hujakata chochote.